Nani Ndugu wa Nani: Familia za Uyoga na Sheria ya Majina Yake



Naanza na chupa ya mbegu. Wengi wenu mnaolima uyoga wa mamama mmewahi kununua mbegu zilizobandikwa jina Pleurotus sajor-caju. Mkazipanda kwenye mabua ya mpunga au majani makavu ya migomba yaliyochemshwa, uyoga ukachomoza, mkala na mkauza. Hakuna aliyepunjwa. Ila jina lililo kwenye karatasi ile ni la uyoga mwingine kabisa.

Rumphius, mtaalamu wa mimea aliyeishi kisiwani Ambon katika karne ya 17, aliandika habari za uyoga ambao wenyeji waliuita mboga ya mti. Kwa tahajia ya Kiholanzi ya wakati huo, sajor caju. Mwaka 1821 Elias Fries wa Uswidi akalichukua jina hilo na kuliingiza rasmi katika sayansi. Uyoga huo una pete kwenye mguu, na ukikomaa hautafuniki. Leo unaitwa Lentinus sajor-caju, wa familia ya Polyporaceae. Katika miaka ya 1970 uyoga mwingine, laini, usio na pete, ulianza kulimwa huko India, na jina la ule wa Rumphius likapachikwa juu yake kimakosa. Mbegu zikasambaa duniani, na kosa likasafiri nazo. Mnachokilima ninyi ni Pleurotus pulmonarius, wa familia ya Pleurotaceae. Aina hizi mbili za uyoga hazichangii hata oda, ngazi iliyo juu ya familia: mmoja uko Polyporales, mwingine Agaricales. Kwa mizani ya wanyama, ni sawa na kuuza mbuzi kwa jina la farasi.

Mkulima ataniuliza: inanihusu nini, mradi kapu limejaa? Inakuhusu siku utakapotaka kujua joto linaloufaa uyoga wako, au ugonjwa unaokausha vichwa vyake vikiwa vidogo. Utatafuta kwa jina lililo kwenye chupa, na utapewa habari za uyoga wa mti wa Ambon.

Jambo ninalotaka kulitetea usiku huu ni hili. Katika mambo ya uyoga kuna shughuli mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuainisha, yaani kutafuta nani ni ndugu wa nani. Hiyo ni sayansi. Hujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi ukibadilika jibu nalo hubadilika. Ya pili ni kutoa majina. Hiyo ni sheria. Ina vifungu, tarehe za kuanza kutumika, kamati, rufaa na kura. Anayezichanganya hizi mbili huishia kulalamika kwamba wataalamu wa kuvu hawajui wanachokitaka, kila mwaka jina jipya. Wanajua. Tatizo ni kwamba mara nyingi jibu hutoka mahakamani, wakati muulizaji alikuwa anatazama maabara.

Turudi nyuma kidogo. Carl Linnaeus, aliyewapa mimea na wanyama majina mawili mawili tunayoyatumia hadi leo, alishindwa na uyoga. Katika Species Plantarum ya mwaka 1753 aliutia pamoja na mimea isiyotoa maua, nao uyoga wenye matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyo chini ya kofia, aliukusanya karibu wote chini ya jina moja, Agaricus. Mwaka 1767 alikwenda mbali zaidi: alibuni kiumbe kilichoitwa Chaos fungorum na kukiweka miongoni mwa minyoo. Cha kushangaza ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa. Huko Firenze, mwaka 1729, Pier Antonio Micheli alikuwa ameonyesha kwamba uyoga una mbegu zake, hizi tunazoziita spora. Alizipanda juu ya vipande vya tikiti na matunda mengine, na kuvu ile ile ikaota. Hakusikilizwa ipasavyo kwa miaka mingi.

Waliopanga nyumba ni wawili. Wa kwanza alizaliwa bara letu: Christiaan Hendrik Persoon, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1761, aliyepelekwa Ulaya akiwa bado mtoto na asirudi tena. Aliishi Paris katika ufukara, bila cheo katika chuo chochote, na hazina yake ya sampuli ikaishia mikononi mwa serikali ya Uholanzi ili apate posho ya kuishi. Kitabu chake cha mwaka 1801, Synopsis methodica fungorum, ndicho msingi wa mengi. Wa pili ni huyo Fries niliyekwisha mtaja, aliyezaliwa 1794, ambaye Systema Mycologicum yake ilitoka kati ya 1821 na 1832. Kwa muda mrefu sheria ya majina ilivipa vitabu vya wawili hawa hadhi ya mwanzo wa hesabu: jina la kabla yao halikuhesabiwa. Mkutano wa Sydney wa mwaka 1981 uliurudisha mwanzo huo hadi 1753, lakini majina waliyoyakubali Persoon na Fries bado yana kinga maalumu. Ndiyo maana katika vitabu vya kitaalamu mtaona nukta mbili kabla ya jina la Fries. Ni muhuri wa kinga hiyo.

Fries hakuitegemea hadubini. Alitegemea jicho, na rangi ya spora. Njia yake naweza kuwaonyesha hapa hapa.

Kofia hii ya uyoga niliichuma jana kwenye nyasi za uwanja. Nilikata mguu, nikailaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, nikaifunika kwa bakuli ili upepo usiipate. Naomba dada uliye mbele uje uiinue taratibu. Asante. Mnaona mistari hiyo membamba inayotoka katikati kwenda ukingoni? Kila mstari ni mwanya kati ya tamvua na tamvua. Spora zimedondoka usiku kucha zikajilundika. Ipake kidole. Ni unga laini kuliko poda. Sasa sogezeni karatasi kwenye taa mtazame rangi: kijani, kile cha majani yaliyoanza kukauka.

Huu ni Chlorophyllum molybdites. Spora za kijani ni nadra mno kwa uyoga wenye matamvua, kwa hiyo karatasi hiyo imekwisha kutoa hukumu. Uyoga huu huota baada ya mvua, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete kwenye mguu. Mtu mwenye haraka huudhania kuwa ni wa kichuguu. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe, kijani hakijatokea. Anayeula hutapika na kuharisha vibaya sana. Nawaomba, na hili nalisema nje ya mhadhara: msile uyoga wa kwenye nyasi kwa kuutazama tu.

Fries aliwagawa ndugu wa Agaricus kwa rangi hizi za spora: nyeupe, waridi, kahawia za namna mbalimbali, zambarau iliyokolea hadi nyeusi. Kisha familia zikajengwa juu ya sura ya sehemu inayobeba spora. Wenye matamvua, kundi lao. Wenye vitundu, kundi lao. Wenye meno, wenye umbo la rungu, wenye uso laini, na wale wanaofunga spora ndani ya tumbo mpaka tumbo lipasuke, kila mmoja chumba chake. Mpango ulikuwa safi, wa kufundishika, na ulitawala zaidi ya karne moja. Mimi mwenyewe nilifundishwa mabaki yake.

Ubovu wake ulianza kuonekana kwenye hadubini. Mwaka 1837 Mfaransa Léveillé alieleza vizuri vile vijiti vidogo vinavyozaa spora, na kuelekea mwisho wa karne hiyo Patouillard, Mfaransa mwingine, akaanza kupanga uyoga kwa kilichomo ndani ya nyama yake. Mfano mmoja mnaweza kuufanya bila hadubini. Chukueni uyoga wa jamii ya Russula, ule wenye kofia nyekundu au ya njano unaojaa kwenye miombo mvua zikishaanza, mvunje mguu wake. Haupasuki kwa nyuzi kama wa mamama. Unakatika tap, kama chaki. Sababu ni kwamba ndani yake, kati ya nyuzi, kuna mafungu ya seli za mviringo, na nyama yenye mviringo mwingi haina mahali pa kushikana. Tabia hiyo ndiyo inayoiunganisha familia ya Russulaceae, ndani yake mkiwamo Russula na wale watoao maziwa. Leo tunajua kwamba ndugu zao wa karibu ni kuvu za magamba yaliyoganda juu ya magogo na nyingine zenye umbo la matumbawe. Matamvua ya Russula na matamvua ya uyoga wa dukani hayana babu mmoja. Yalibuniwa mara mbili. Na ukihesabu uyoga wote, zaidi ya mara mbili.

Ushahidi wa mwisho uliletwa na vinasaba. Mwaka 1990 White na wenzake walichapisha vianzio vya kunakili kipande cha vinasaba kiitwacho ITS, na vianzio hivyo vinatumika maabara zote hadi leo. Mwaka 2012 kipande hicho kilikubaliwa kuwa kitambulisho rasmi cha kuvu. Vyumba vya Fries vikavunjwa ukuta mmoja baada ya mwingine. Kundi la wenye tumbo lilisambaratika kabisa: ile mipira myeupe inayotoa moshi ukiikanyaga imo katika familia ya Agaricaceae, pamoja na uyoga wa makopo. Podaxis, ule mrefu mkavu unaosimama peke yake juu ya vichuguu vya nchi kame, nao umo humo humo. Hata himaya nzima ilihama. Tangu mpango wa mwanabiolojia Whittaker wa mwaka 1969 kuvu zilikuwa na himaya yake, lakini mwaka 1993 ikaonekana kwamba ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Anayepika uyoga kama mboga, kwa ukoo yuko karibu zaidi na uyoga ulio sufuriani kuliko mchicha ulivyo.

Hiyo ndiyo sayansi. Sasa tuingie mahakamani.

Jina la familia ya uyoga hujengwa kwa kuchukua jina la jenasi moja na kulitia kiambishi -aceae. Oda huishia -ales. Agaricus huzaa Agaricaceae, Russula huzaa Russulaceae. Jenasi hiyo nayo imefungwa kwa spishi moja, na spishi imefungwa kwa sampuli moja, kipande kikavu kilicho ndani ya bahasha katika hifadhi fulani, au pengine mchoro. Sampuli hiyo ndiyo kigingi, na jina ni mbuzi aliyefungwa kwake. Kamba hurefushwa na kufupishwa kadiri wataalamu wanavyokubaliana nani aingie na nani atoke, lakini mbuzi hawezi kwenda mahali kigingi kisipokuwapo. Kikundi kikivunjika vipande viwili, jina la zamani hubaki kwenye kipande chenye kigingi, hata kiwe kidogo kiasi gani. Kingine kitafute jina lake.

Mfano mkali ni Coprinus. Kwa miaka mia mbili jina hilo lilibeba uyoga wote ambao kofia zake huyeyuka na kuwa wino mweusi. Mnauona kwenye marundo ya samadi na mabaki ya katani. Kigingi cha Coprinus ni spishi moja, Coprinus comatus, mrefu, mweupe, wenye manyoya. Vinasaba vilipopimwa ikabainika kwamba comatus na ndugu zake wachache ni wa Agaricaceae, na ile mingine yote iliyobaki, wengi ajabu, ni ya ukoo mwingine. Kuyeyuka kwa wino kulikuwa kumebuniwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2001 Redhead na wenzake walifanya sheria inavyotaka: comatus ikabaki na jina, wengi wakagawanywa kwenye Coprinopsis, Coprinellus na Parasola, na familia mpya, Psathyrellaceae, ikaundwa kuwapokea. Familia ya Coprinaceae, iliyokuwa kwenye kila kitabu cha shule, ikamezwa. Wapo walioomba kigingi kihamishwe ili wengi wabaki na jina lao. Ombi lilikataliwa.

Liwekeni moyoni neno hilo, lilikataliwa, kwa sababu miaka michache baadaye ombi la namna hiyo hiyo lilikubaliwa, na safari hii waliohamishwa walikuwa wa kwetu.

Kuna uyoga mkubwa wa miombo unaotoa maziwa ukikatwa. Unaliwa Burundi, Tanzania, Zambia, Katanga. Mwaka 1994 Verbeken na Buyck waliupa jina la Lactarius edulis. Bart Buyck, kwa taarifa yenu, ndiye aliyeandika kitabu cha uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi na kukiita kwa Kirundi, Ubwoba. Mwaka 2008 Buyck na wenzake walionyesha kwamba Lactarius si ukoo mmoja bali zaidi ya mmoja. Tawi moja kubwa lina spishi nyingi za nchi za baridi, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Tawi jingine lina spishi nyingi za nchi za joto, na Afrika ni mojawapo ya makao yake makuu. Kigingi cha Lactarius, kwa desturi ya wakati huo, kilikuwa Lactarius piperatus, na piperatus iliangukia tawi la pili. Kwa sheria ya kawaida, uyoga wa Afrika ungebaki na jina la Lactarius, na ule wa misitu ya Ulaya ungetafuta jingine.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2010 liliwasilishwa ombi la kuhamisha kigingi kwenda kwa Lactarius torminosus, spishi ya misitu ya mibetula (birch), na kamati ikalikubali. Wa kaskazini wakabaki Lactarius. Wa kwetu wakawa Lactifluus, na ule wa 1994 sasa ni Lactifluus edulis. Hoja ilikuwa ya idadi: tawi la kaskazini lina spishi nyingi zaidi zenye majina, kwa hiyo majina machache yangebadilika. Ni hoja ya kisheria isiyo na hila, na walioitoa wameuhangaikia uyoga wa Afrika kuliko karibu mtu mwingine yeyote aliye hai. Silaumu. Lakini naomba mwone jinsi mizani ilivyopimwa. Spishi za kaskazini zina majina mengi kwa sababu zimechunguzwa kwa karne mbili. Za kwetu zina majina machache kwa sababu hazikuchunguzwa. Umaskini wa orodha yetu ndio uliohesabiwa kama sababu ya orodha hiyo kubadilishwa.

Sheria nyingine ni ya kutangulia: familia mbili zikiunganishwa, jina la zamani zaidi hushinda. Wachumaji wa uyoga wa njano wenye harufu ya tunda, wa jenasi ya Cantharellus, wamezoea kuuona katika Cantharellaceae, jina la mwaka 1888. Vinasaba vinauunganisha na ule wa meno, Hydnum, ambao familia yake, Hydnaceae, ni ya mwaka 1826. Kwa hiyo wataalamu wengi sasa huuweka ndani ya Hydnaceae, ingawa haujawahi kuwa na jino. Wakulima wa chai wa Kenya wana adui aitwaye Armillaria, anayeozesha mizizi ya michai. Familia yake ni Physalacriaceae, iliyopewa jina mwaka 1970 kutokana na kijiuyoga kidogo kisicho na matamvua kinachofanana na puto. Adui wa mashamba ya chai anatembea kwa jina la mdogo wake asiyejulikana na mtu. Sheria haitazami ukubwa.

Na sheria humtunuku mvumilivu. Walter Jülich wa Leiden alitoa kitabu mwaka 1981 alimozigawa familia za kuvu vipande vidogo vidogo, familia baada ya familia. Wachache sana walimfuata. Vinasaba vilipokuja, vipande vingi vikaonekana ni vya kweli, na kila mtaalamu aliyekwenda kutafuta jina akakuta Jülich alikwisha fika. Lyophyllaceae ni mojawapo. Nayo ndiyo familia inayotupatia uyoga tunaoupenda kuliko wote.

Hapa naomba nikae kidogo. Uyoga wa vichuguu ni jenasi ya Termitomyces, iliyotengwa na Roger Heim wa Paris mwaka 1942. Umo mkubwa kabisa miongoni mwa uyoga unaoliwa, Termitomyces titanicus, ulioelezwa na Pegler na Piearce kutoka Zambia mwaka 1980, wenye kofia inayoweza kufika upana wa mita moja. Umo pia mdogo, Termitomyces microcarpus, wa kofia ya sentimita mbili hivi, unaotapakaa kwa maelfu pale mchwa wanapotoa nje mabaki ya bustani yao. Watoto huujaza kwenye vikombe. Kwa sura, hakuna atakayesema hawa ni jenasi moja.

Chimbeni kwa uangalifu chini ya mmoja wa wale wakubwa na mtakuta mguu hauishii ardhini. Unaendelea kama mzizi mrefu, mweusi au wa kijivu, wakati mwingine kuliko urefu wa mkono, mpaka unagusa kitu chenye mashimo mashimo, cha rangi ya kahawia, chepesi, chenye vijipunje vyeupe. Hiyo ni bustani. Mchwa wa kundi la Macrotermes na jamaa zao hutafuna miti, hutoa kinyesi, hujenga nacho vigoda hivi, na kuvu hukilainisha mpaka kilike. Uhusiano huu ulianza barani Afrika makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na ulianza mara moja tu. Kofia ina kichwa kilichochongoka katikati, cha kutobolea udongo mgumu. Bila mchwa, uyoga huu hauoti: ndiyo maana hamtanunua chupa ya mbegu zake sokoni, na anayewauzia anawaibia.

Uwekwe familia gani? Chapa ya spora zake ina rangi ya waridi hafifu. Kwa Fries ungeangukia kundi la waridi, mbali na ndugu zake wa kweli. Kwa muda mrefu ulikuwa umetupwa Tricholomataceae, familia ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa ghala la kila uyoga wa spora nyepesi usio na pa kwenda. Lakini ndani ya vijiti vyake vya kuzaa spora kuna chembechembe ambazo hugeuka nyeusi ukizichemsha katika rangi maalumu yenye chuma, na chembechembe hizo wanazo Lyophyllum. Wataalamu wa hadubini waliliona hilo na kulibishania. Vinasaba vikamaliza ubishi.

Mchango wa Tanzania katika jenasi hii haujulikani vya kutosha hapa nyumbani. Termitomyces singidensis ilielezwa mwaka 1994 kutoka Singida. Mwaka huo huo Amanita masasiensis na Amanita tanzanica nazo zilipata majina. Kazi hiyo ilifanywa na Marja Härkönen na wenzake wa Finland wakishirikiana na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chao kikubwa kuhusu uyoga wa Tanzania kilitoka 2003. Hizo Amanita mbili zinaliwa. Familia yake, Amanitaceae, ndiyo pia yenye Amanita phalloides, muuaji mkuu wa wala uyoga duniani. Sumu ile ile ya phalloides iko pia kwenye baadhi ya Lepiota, ambao ni Agaricaceae, na kwenye Galerina, ambao ni familia nyingine tena. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba familia fulani ni salama, mwambieni arudi darasani.

Watu wa kwetu wanaingia sasa si kama wasaidizi tu. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake waliipandisha Afrocantharellus kutoka jenasi ndogo hadi jenasi kamili, wakitumia uyoga wa miombo wenye matamvua yaliyo wazi kabisa, tofauti na mikunjo ya Cantharellus ya kawaida. Mwaka 2014 Buyck na wenzake, kwa vinasaba vingi zaidi, wakairudisha ndani ya Cantharellus. Magazeti yangeandika kwamba Mtanzania alishindwa. Si kweli. Pande zote mbili zinakubali kwamba aina hizo za uyoga ni tawi moja la ukoo. Wanabishania cheo cha tawi, na cheo hakipimwi na mashine yoyote.

Majina ya kienyeji nayo yamo ndani ya sheria, mara chache mno kwa maoni yangu. Wabemba wana uyoga wa maziwa waitao kabansa. Pegler na Piearce wakauandika Lactarius kabansus mwaka 1980. Termitomyces umkowaan limetokana na jina la Kizulu. Sheria inaruhusu. Tangu tarehe 1 Januari 2012 hata maelezo ya Kilatini si lazima tena, Kiingereza kinatosha, na jina lenyewe laweza kutoka lugha yoyote mradi livae umbo la Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2013 kila jina jipya la kuvu lazima lisajiliwe kwenye hazina inayotambuliwa, kama MycoBank au Index Fungorum, na kupewa namba. Usajili ni bure. Namba hupatikana kwa kompyuta, umeketi Mafinga au Bujumbura.

Kinachobaki kuwa kigumu ni kigingi. Spishi za kuvu zilizopewa majina ni kama 150,000. Makadirio ya Hawksworth na Lücking ya mwaka 2017 ni kwamba zipo kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Siku hizi mtu anaweza kuchota kijiko cha udongo wa miombo, akasoma vinasaba vyote vilivyomo, na kupata mamia ya kuvu ambazo hajaona hata moja. Katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa kuvu uliofanyika San Juan, Puerto Rico, mwaka 2018, lilipelekwa pendekezo kwamba mfuatano wa vinasaba peke yake uruhusiwe kuwa kigingi cha jina, bila sampuli. Likapigwa chini. Waliolileta walikuwa na haraka inayoeleweka: familia nzima nzima zimejificha udongoni na hazitawahi kutoa kofia.

Mimi niko na waliolikataa. Pendekezo lile lingepita, mwenye mashine kubwa zaidi angeyasajili majina ya udongo wetu kwa mchana mmoja kutoka mji asioujua mchwa, na mwenye kikapu na kisu angekuta kila kitu kimekwisha kupewa jina. Kwa sheria ilivyo, bado anahitajika mtu wa kuinama, kuchimba mguu mpaka kwenye bustani, kukausha kofia polepole kwa moto mdogo, kuandika kwenye bahasha mahali, tarehe na mti uliokuwa karibu, na kuipeleka bahasha hiyo kwenye hifadhi ya mimea ya Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi. Karatasi za chapa ya spora na bahasha tupu nimeziweka mlangoni. Kila mtu achukue.